Trafiki Anauliza Leseni, Nani Anamuuliza Binti?

Dada zangu, na nyinyi maharusi watarajiwa mnaohesabu siku kwa vidole.

Wengi mnanijua kwa magauni ya nikaha na mitandio ya kudarizi. Nashona Mabatini, Mwanza. Mzigo unapanda basi Nyegezi, unashuka Dar es Salaam, unavuka kwa boti mpaka Malindi, Unguja. Kila mzigo una risiti, jina la anayetuma, jina la anayepokea, na namba za simu za wote wawili. Ukipotea yupo mtu wa kumuuliza. Kwenye mabasi hayohayo wanapanda mabinti wa miaka 13, 14, wanaokwenda kufanya kazi kwenye nyumba za watu, na hawana hata hicho kikaratasi. Naomba leo tulizungumze hilo, na mnivumilie, maana sitakuwa mpole.

Polisi wetu wanapewa mafunzo ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Tumelisikia miaka mingi. Serikali ina Sekretarieti yake ya kazi hii chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, mashirika ya kimataifa kama IOM yanasaidia, na picha tunaziona: meza zenye vitambaa vyeupe, chupa za maji, bango nyuma, wakubwa wamekaa mstari wa mbele. Sipingi mafunzo. Hapa Mabatini tunaishi jirani na polisi, wake zao ni wateja wangu, na mashati ya watoto wao ya shule nayapunguza mikono mimi. Ninachogombana nacho ni nani anafundishwa, na anafundishwa kumtafuta nani. Askari aliyesimama stendi na askari aliyekaa kaunta wasipofundishwa kwamba anayefanya biashara ya watu huku kwetu mara nyingi ni mwanamke mwenye heshima zake, amejitanda, anaitwa shangazi, basi hizo semina zitabaki kuwa chai na sambusa. Na huyo shangazi ana wateja. Wateja ni sisi.

Ngoja niwaeleze biashara yenyewe inavyokwenda Kanda ya Ziwa, kwa sababu wengi mnapowaza jambo hili mnawaza gari la vioo vyeusi na mtoto anayezibwa mdomo usiku. Huku inaanza kwa salamu. Mwanamke anafika kijijini, iwe Ukerewe, Sengerema, Geita, au mbali zaidi kule Kagera na Kigoma. Mara nyingi ni mzaliwa wa hapohapo aliyehamia mjini. Amevaa vizuri, ameleta sukari na sabuni. Anamkuta mama ana watoto sita, mihogo imekataa, baba kaenda kuvua visiwani na hajarudi. Anasema, nipe huyu mkubwa nikamsomeshe. Neno hilo "nikamsomeshe" ndilo linalofanya kazi yote.

Na siku hizi wana neno jingine linalonichoma mimi binafsi: "atajifunza ushonaji". Wanaitumia cherehani kama mvuvi anavyotumia furu kwenye ndoano ili apate sangara. Mimi nilisoma kozi ya ushonaji baada ya kidato cha nne. Kozi ina ada, ina muda, ina mwalimu, ina cheti mwisho wake, na ina vidole vilivyotobolewa na sindano. Mtoto anayeamshwa saa kumi alfajiri kupika chapati na kulala saa sita usiku baada ya kufua, cherehani ataiona lini? Labda akitumwa kwa fundi kupeleka dera la mama mwenye nyumba.

Basi binti anashuka na boti Kirumba Mwaloni, au anashushwa stendi. Kuanzia hapo nauli ni deni. Sahani ya wali aliyokula njiani ni deni. Mishahara ya miezi ya mwanzo inakwenda kwa shangazi "kufidia nauli", ya miezi inayofuata inakwenda kwa shangazi "amtumie mama", na mama kule kijijini hana simu. Binti naye hana simu. Wengine wanabaki hapahapa mjini, Igoma, Nyakato, Buhongwa. Wengine wanapelekwa Dar es Salaam. Wengine wanavushwa mpaka kwenu Unguja, na kwa baadhi yao Unguja ni kituo tu cha kuzoeshwa pasi na mashine ya kufulia, mbele yao kuna Muscat. Mnayakumbuka yaliyoandikwa na Human Rights Watch Novemba 2017. Walizungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, wakaeleza kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi mchana na usiku, kunyimwa mshahara, wengine kupigwa na kudhalilishwa. Tulilia sana siku zile kwa ajili yao. Kwa wa hapa nyumbani hatulii, kwa sababu wa hapa nyumbani tunawaita "mtoto wangu ninayemlea".

Tusidhani kosa ni mpaka avushwe nchi. Sheria yetu ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ni ya mwaka 2008, na haidai mpaka wa nchi. Kumchukua mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea kwa udanganyifu au kwa kutumia unyonge wake, ili anyonywe, ni kosa hata kama safari ilikuwa ya kutoka Sengerema mpaka Igoma. Akiwa chini ya miaka 18 haihitajiki hata kuthibitisha kwamba alidanganywa. Kusema "alikubali mwenyewe" hakumwokoi aliyemchukua. Na litazameni vizuri hilo neno kupokea. Anayepokea ni nani, dada zangu?

Adhabu iliyoandikwa mwaka 2008 kwa kosa la kawaida ilikuwa kifungo cha miaka 2 hadi 10, au faini ya kuanzia shilingi milioni 5 hadi milioni 100, au vyote pamoja. Milioni 5! Nina wateja ambao ukumbi na mapambo tu vimepita hapo. Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa na upande huo wa faini ukabanwa. Vizuri. Lakini ukali wa sheria uko mbele ya hakimu, na kesi haifiki kwa hakimu bila askari mmoja wa cheo cha chini kuianza.

Sasa njoo barabarani. Kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100: Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro. Njia nzima ina trafiki. Trafiki anajua kwamba basi limekatiza kijiji kwa spidi 58 badala ya 50, tochi imemwambia. Anakagua leseni, anakagua matairi, anapanda ndani kuuliza abiria kama dereva anakimbiza gari. Njia hiyo naipita kila mara nikifuata vitambaa Kariakoo. Nimemwona kwa macho yangu mtoto wa kike ameegemeza kichwa dirishani, pembeni yake mtu mzima ambaye hakusema naye neno tangu alfajiri, na askari akapita katikati ya viti akiangalia mikanda. Simlaumu yule askari. Alifundishwa mikanda, akaangalia mikanda.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia polisi wa Tanzania hawafundishiki. Nitamjibu kwa tochi, na nitamjibu kwa Dawati la Jinsia na Watoto. Kabla ya madawati yale, mwanamke aliyepigwa akifika kituoni aliambiwa mambo ya mke na mume yakamalizwe nyumbani. Leo vituo vingi vina chumba, vina askari wa kike, na mwanamke anajua aingie mlango upi. Bado kuna vituko, najua, dada mmoja aliwahi kuniambia dawati alilolikuta lilikuwa stoo ya viti vibovu. Lakini kitu kilibadilika, na kilibadilika kwa sababu watu walikalishwa wakafundishwa kwamba kile walichokiita ugomvi wa nyumbani ni jinai. Ndicho ninachokitaka kwa huyu shangazi. Askari afundishwe kwamba kile anachokiita "mambo ya ndugu" kinaweza kuwa biashara ya mtu.

Kwa sababu kwa sasa inakuwa hivi. Nilimsindikiza binti mmoja kituoni, na kituo sitakitaja. Alikuwa na miaka 14 kwa hesabu yake mwenyewe, amefanya kazi miezi minane hajashika hata shilingi, na mkono wake ulikuwa na alama ya pasi. Askari wa zamu hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamuuliza kwa upole nani alikuleta mjini. Binti akasema shangazi. Askari akaomba namba ya shangazi, tena binti alikuwa nayo kwenye kikaratasi, akapiga palepale: "Mama, njoo umchukue mtoto wako, katoroka huku." Nusu saa haikuisha. Shangazi akashuka kwenye bodaboda ameshika soda ya kumpa mtoto. Akalia. Akamwita askari mwanangu. Nikaonekana mimi ndiye mchonganishi wa familia za watu, na tukaambiwa hakuna haja ya RB. Mpaka binti alipotoka mikononi mwa yule mwanamke ilibidi twende kwa afisa ustawi wa jamii, ikachukua wiki nyingine mbili, na wiki mbili za binti ambaye mwajiri wake anajua amewahi kwenda polisi naomba msinisimulie zilikuwaje.

Askari yule alikosa nini? Hakukosa huruma, soda aliifungua yeye. Alikosa maswali. Angemtenga binti na watu wengine wote, mimi nikiwemo, akaongea naye askari wa kike. Angemuuliza shangazi yako anaitwa nani jina lake la ubatizo au la Kiislamu, na baba yako ni kaka yake kwa tumbo lipi? Mabinti wengi hapo wanakwama, hawajui jina la "shangazi" zaidi ya Mama Fulani. Angeuliza mshahara wako anapokea nani. Swali hilo moja tu lingemaliza kazi. Mama yako ulizungumza naye lini mara ya mwisho? Kadi yako ya kliniki au cheti cha kuzaliwa kiko kwa nani? Halafu ndipo simu ipigwe, na isipigwe kwa shangazi, ipigwe kwa ustawi wa jamii. Na shangazi akija na soda yake akae benchi aandike maelezo. Hayo hayahitaji hoteli wala projekta. Yanataka asubuhi mbili kwenye bwalo la polisi, na mtu anayeyajua.

Na wanaoyajua wapo. Hapahapa Mwanza lipo shirika la Wotesawa, linalotetea wafanyakazi wa ndani watoto, na aliyelianzisha alikuwa mwenyewe mfanyakazi wa ndani akiwa mtoto. Lipo Kivulini, ambalo limehangaika na ukatili dhidi ya wanawake jiji hili tangu mimi niko shule. Wanawake kama hao ndio wawe walimu wa askari wetu, si tu kualikwa kutoa neno la shukrani kabla ya chakula. Binti aliyepita kwenye mikono ya dalali anajua dalali anavyokaa ndani ya basi, anavyomwelekeza aseme nini akiulizwa, stendi ipi wanashuka kabla ya stendi kubwa. Mtaalamu kutoka mbali hajui hayo, hata awe na vyeti ukuta mzima.

Nasikia jibu lenu tangu sasa. Mtasema, wewe unaongea umeshiba. Huko kijijini binti ana njaa, huku anakula, anavaa, wengine tunawapeleka madrasa. Kweli, wapo wanaotendewa wema, na nimewashonea nguo za Idi mabinti ambao wenye nyumba waliwalipia kama wanavyowalipia wanao. Simzungumzii mtu mzima aliyekuja kufanya kazi kwa hiari yake, akalipwa, akaenda kwao akitaka. Kazi za ndani ni kazi ya halali na nyumba nyingi zingesimama bila hao. Lakini njaa ya mama yake haikupi wewe haki ya mshahara wake. Sheria ya kazi ya bara ya mwaka 2004 inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kuanzia 14 ni kazi nyepesi tu isiyomzuia shule. Na kama ni mtu mzima, amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala nyumbani kwa mwajiri wa kawaida. Elfu sitini! Shela ya kawaida siishoni kwa hela hiyo. Tukishindwa hata hapo, tuseme tu kwamba hatuna uwezo wa kuajiri, tufue wenyewe, mbona mama zetu walifua.

Sasa nije kwenu maharusi, maana hapa ndipo penye uchungu. Bi harusi mmoja, na hayuko peke yake ndiyo maana namsema, aliniagiza gauni na mitandio ya wapambe, tukakubaliana rangi na vipimo. Mwisho wa ujumbe akaandika: unitafutie na msichana huko kwenu, asizidi miaka 15, asiwe mjuaji, asiwe na simu. Aliandika kama anavyoagiza lesi. Yasomeni tena hayo masharti matatu. Asizidi 15, kwa sababu mkubwa atadai haki yake. Asiwe mjuaji, kwa sababu anayejua ataijua njia ya kituoni. Asiwe na simu, kwa sababu mwenye simu atampigia mama yake. Dalali wa Ukerewe hakuyabuni masharti hayo, ameletewa oda. Nilimjibu kwamba gauni litafika, la pili sifanyi biashara hiyo, na tangu hapo kanyamaza. Gauni alilipokea.

Na msidhani oda yenu haina uhusiano na mafunzo ya polisi. Mfundishe askari wa Nyegezi mwezi mzima, afuzu, kesho yake amzuie shangazi mwenye mabinti watatu wasiojuana. Simu itakayopigwa kumtoa haitapigwa na dalali. Itapigwa na mteja, mke wa mtu mwenye jina, labda mke wa mtu aliye juu ya huyo askari. Askari wa nyota hakuna begani anayajua hayo kabla hajainua mkono kusimamisha mtu. Mara ya kwanza atajitahidi, mara ya pili ataangalia mikanda. Kwa hiyo mafunzo hayo yanatakiwa yawe na kipengele cha kumlinda askari aliyefanya kazi yake, aandike jina la aliyempigia simu, na jina hilo liingie kwenye jalada. Nataka kuona kama tutaendelea kupiga.

Sisi ambao ni Waislamu tuna la zaidi. Bukhari amepokea kutoka kwa Mtume, swalallahu alayhi wasallam, kwamba Mwenyezi Mungu amesema watu watatu Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama: mmoja ni aliyetoa ahadi kwa jina Lake akaivunja, mmoja ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na mmoja ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake yote, asimlipe ujira wake. Mimi si mwanachuoni, wenye elimu watalifafanua kuliko mimi. Ila pangeni hadithi hiyo na safari ya binti wa Sengerema. Ahadi ya "Wallahi nitamsomesha" aliyopewa mama. Hela ya dalali iliyolipwa alipofikishwa. Miezi minane bila ujira. Yote matatu kwenye mtoto mmoja. Na wenzetu wa Unguja msisahau mnaishi mji ambao soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na wengi waliouzwa pale walishushwa kutoka huku huku bara. Mgeni akija mnampeleka kuona minyororo. Akirudi nyumbani kwenu kunywa chai, nani anamletea hiyo chai?

Nirudi kwa polisi nimalizie. Kuna mambo ambayo mafunzo peke yake hayawezi. Askari akishaiva anahamishwa, akaenda Rukwa kukaa lindo la benki, na anayekuja anaanza upya. Basi mafunzo haya yaanze tangu Shule ya Polisi Moshi, kila kuruta, kama anavyofundishwa gwaride, ili uhamisho usitupe hasara. Polisi kata, ambaye yuko karibu na watu kuliko wote, apewe na namba ya afisa ustawi wa kata yake na nauli ya kumfikisha binti. Na pawepo pa kulala. Askari mwenye roho safi akimtoa mtoto kwenye basi saa tano usiku atamweka wapi, mahabusu? Binti aliyelazwa mahabusu usiku mmoja hatasema kitu tena kwa mtu aliyevaa sare.

Na kuna moja la bei ndogo kabisa, linaloweza kufanyika wiki hii bila semina. Ndani ya mabasi yetu kuna kibandiko chenye namba za polisi za kuripoti dereva anayekimbiza gari. Pembeni yake ibandikwe na namba ya huduma ya simu kwa mtoto, 116, kupiga ni bure, na maneno makubwa ya Kiswahili chepesi: binti, unajua unakwenda kwa nani? Hata asiye na simu ataisoma, safari ni ndefu. Kubandika mimi na mafundi wangu tutasaidia, gundi tunayo.